Kwenda Dodoma na Mhesabu Rola Kosta

Safari ya treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma siku hizi haifiki saa nne, na karibu muda wote huo mtoto wa kaka yangu, aliyesoma Ohio, aliutumia kunieleza jinsi wapenzi wa rola kosta, vile vitreni vya burudani vinavyopanda na kuteremka vilima vya reli, wanavyohesabu zile walizopanda. Nilidhani wanachotafuta ni mwendo. Tulikuwa tumeshapita Ruvu, treni ikikimbilia kilomita 160 kwa saa, na chai yangu imetulia kikombeni. Akanionyesha kikombe hicho na kunieleza kwamba mwili hauhisi mwendo wenyewe bali mabadiliko yake. Ndiyo maana Cyclone, rola kosta ya Coney Island huko New York, iliyojengwa mwaka 1927 na isiyofika hata kilomita 100 kwa saa, bado inawainua watu vitini kila inapovuka kilele, ilhali reli yetu imekunjwa taratibu mno ili abiria asihisi chochote.

Kanuni yao ya msingi ni kuhesabu reli, wala si idadi ya mara ulizopanda. Ubishi huanzia hapo. Kwenye bustani ya michezo ya Kennywood, Pennsylvania, iko Racer, nayo ni ya mwaka 1927, ambayo treni zake mbili hushindana sambamba kana kwamba kila moja ina njia yake, kumbe reli ni moja ndefu inayojizungusha, na treni iliyoondokea upande mmoja hurudia upande wa pili. Wapo wanaoiandika moja, wapo wanaoiandika mbili. Kwenye bustani ya Cedar Point, Ohio, nako, Mean Streak ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1991 ilivunjwa sehemu, ikawekewa reli ya chuma juu ya nguzo za mbao, na mwaka 2018 ikafunguliwa kwa jina la Steel Vengeance. Kijana wangu ameziandika zote mbili, nami namuunga mkono, kwa sababu kinachomrusha mtu ni reli na si nguzo.

Kilosa na mahandaki yake tulivipita tukiwa bado tunabishana.

Jioni tulikwenda kwenye bustani ya watoto mjini Dodoma, ambako palikuwa na kitreni chenye umbo la kiwavi kilichozunguka reli ya duara yenye kilima kimoja. Kijana alichuchumaa kando ya uzio, akatega sikio. Kiwavi kilipopanda, mota ilinguruma. Kiliposhuka, ngurumo ikaendelea vilevile, wala mwendo haukuongezeka.

"Hii siihesabu, Shangazi," alisema. "Mota haiiachii. Rola kosta lazima ifike mahali iachiwe ishuke kwa uzito wake."

Najua wenzake wengine wangeihesabu, lakini nilipenda kwamba hakulegeza sharti lake ili tu aongeze namba.

Thamani ya bustani tuliijadili kwa muda mrefu zaidi, na hapo nilikuwa na langu la kusema. Bustani nyingi kubwa za Marekani hutoza kiingilio kimoja kwa siku nzima, kisha huuza kwa bei ya ziada nafasi ya kuruka foleni. Kwa hiyo wenye kupima hugawa kiingilio kwa idadi ya mara walizofanikiwa kupanda, na siku ya msongamano hata bustani yenye mitambo mingi hutoka ghali. Knoebels, pia ya Pennsylvania, haitozi kiingilio, bali kila mchezo una bei yake. Dodoma tulikuta utaratibu huohuo, na ninauona kuwa wa haki zaidi, hasa kwa mzazi mwenye watoto watatu na fedha ya kupandisha wawili, maana anaweza kuingia, kukaa na kuchagua.

Nilimuuliza kijana wa tiketi ni mchezo gani unaorudiwa zaidi. "Kiwavi, mama. Wakishuka tu wanarudi foleni." Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameukataa mtambo huo kwenye hesabu yake, lakini kwa kipimo cha thamani aliupa alama ya juu kuliko mitambo mingine yote pale, nami sikuona kwamba amejipinga.