Jinsi Nilivyofanya Ulinganishaji wa Mafaili ya Chai Usomeke na Makarani

Makarani wa ofisi ya kusafirisha chai hapa Mombasa hawana haja ya kujua Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ni nini. Wanachotaka kila asubuhi ni kuona mzigo gani umebadilishwa tangu jana: uzito, nambari ya kontena, jina la meli. Orodha zao ni mafaili ya CSV (maandishi ambamo safu hutenganishwa kwa koma) yanayotoka kwenye Excel. Mimi nayaweka katika hazina ya Git na kuyalinganisha kwa pygit2, nyenzo ya lugha ya Python, ambayo ndani yake ni libgit2, maktaba inayofanya kazi za Git ndani ya programu nyingine. Kazi ilininyookea nilipolifuata faili hatua kwa hatua ndani ya maktaba hiyo, kwa kuwa kasoro nyingi zinazodhaniwa ni za algoriti (kanuni ya kulinganisha mistari) huwa zimeshatokea kabla algoriti haijaanza.

Maktaba haikimbilii kusoma faili. Kwanza hutazama faharasa ya Git, ambamo kila faili lina ukubwa wake na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vikilingana na vilivyo kwenye diski, faili halifunguliwi kabisa. Saa ikitofautiana, hukokotoa hashi ya SHA-1 ya yaliyomo, yaani alama fupi inayoyatambulisha, na hashi ikiwa ileile, faili huhesabiwa halikubadilika. Ndiyo maana folda iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi huchelewa kulinganishwa mara ya kwanza: saa za mafaili zote ni mpya, basi yote hukokotolewa upya. Bendera (chaguo la kuwasha) ya GIT_DIFF_UPDATE_INDEX huiambia maktaba iandike saa hizo mpya kwenye faharasa, na safari inayofuata inakuwa nyepesi.

Kisha huulizwa kama faili ni maandishi. Kukiwa na baiti ya sifuri mwanzoni mwa faili, linahesabiwa si maandishi, na utaambiwa tu kwamba limebadilika bila kuonyeshwa mstari wowote. Hapa Excel huumiza watu. Ukichagua kuhifadhi kama "Unicode Text" unapata UTF-16, namna ya kuandika herufi kwa baiti mbili au zaidi, ambamo herufi zetu za kawaida hubeba baiti ya sifuri moja moja, na ulinganishaji wote unafungwa. Nawataka makarani wahifadhi CSV ya UTF-8. Hata hiyo huja na alama ya BOM, baiti 3 mwanzoni mwa faili. Ikiwa jana haikuwepo na leo ipo, mstari wa vichwa vya safu utaonekana umebadilika ingawa kwa macho ni uleule. Naiondoa kabla ya kuhifadhi.

Miisho ya mistari ndiyo iliyo na madhara zaidi. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, Linux kwa LF peke yake, na mstari wenye CR ni mstari mwingine kabisa machoni pa maktaba. Orodha ya mistari 400 hutoka ikiwa 400 imefutwa na 400 imeongezwa. Ipo bendera ya GIT_DIFF_IGNORE_WHITESPACE_EOL, lakini siipendelei, kwa sababu huficha ugonjwa na kuuacha ndani ya hazina. Weka `*.csv text eol=lf` katika faili la `.gitattributes`, endesha `git add --renormalize .` mara moja, ukomiti (uhifadhi toleo jipya katika hazina), basi.

Baada ya hapo ndipo xdiff, sehemu ya Git ambayo libgit2 inaitumia, inapoingia kazini. Inakata faili katika mistari, inaipa kila mistari inayofanana nambari moja, na kuanzia hapo inashughulika na nambari tu. Mistari inayolingana mwanzoni na mwishoni mwa mafaili yote mawili inawekwa kando. Mstari usiokuwa na mwenzake upande wa pili unahukumiwa hapohapo kuwa umebadilika. Mabaki ndiyo yanayopelekwa kwenye algoriti ya Eugene Myers ya mwaka 1986, inayotafuta njia yenye ufutaji na uongezaji mchache kabisa. Gharama yake hupanda kadiri tofauti zinavyozidi, hivyo mafaili makubwa yanayokaribiana huisha upesi, na yaliyoachana sana huchukua muda. Tofauti zikizidi mno, xdiff hukatisha njia na kutoa jibu sahihi lakini si fupi kabisa. GIT_DIFF_MINIMAL huizuia isikatishe.

Angalia jambo hili: algoriti haijui kuhama. Karani akipanga orodha upya kwa jina la meli badala ya kontena, hakuna mzigo uliobadilika, lakini utaona vurugu tupu. Dawa haiko kwenye maktaba. Kabla ya kukomiti naipanga mistari yote kwa ufunguo mmoja usiobadilika. Nambari ya kontena haitoshi, maana kontena moja hubeba invoisi kadhaa. Wala nambari ya invoisi haitoshi, kwa kuwa viwanda viwili vya chai vinaweza kuwa na nambari ileile. Naunganisha vitatu: kontena, kiwanda, invoisi. Orodha ikipangwa hivyo, tofauti za kweli ndizo zinazobaki.

Pia kuna makosa ambayo ulinganishaji unayaonyesha kwa haki. Msimbo wa forodha wa chai ni 0902, na Excel ikiuona kama nambari huutupa ule 0 wa mwanzo. Nambari ndefu ya hati ya mzigo inaweza kuhifadhiwa kama 1.23457E+11, tarakimu nyingine zikapotea. Safu hizo ziwekwe kuwa maandishi ndani ya Excel kabla ya kuandika chochote. Ukizirekebisha baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Faili likibadilishwa jina, maktaba hutoa faili moja lililofutwa na jingine lililoongezwa, mpaka uite `diff.find_similar()` mwenyewe. Hapo hulinganisha yaliyomo, na yakifanana asilimia 50 au zaidi huyachukulia kuwa faili moja.

Kwa upande wa kuonyesha, napitia kila `patch` (mabadiliko ya faili moja), ndani yake `hunks` (mafungu ya mistari), ndani yake `lines` (mistari yenyewe). Herufi iliyo kwenye `origin` ndiyo hukumu: `+` umeongezwa, `-` umefutwa. Usihesabu `<`, `>` na `=`; hizo zinasema tu kuhusu mstari wa mwisho usiofungwa na LF. Mstari ulioongezwa una `old_lineno` (nambari ya mstari katika faili la zamani) ya -1, basi usiutumie kutafuta nafasi katika faili la zamani. Tena soma `raw_content` badala ya `content` ikiwa faili linaweza kuwa na herufi zisizo za UTF-8. Nikishapata baiti, naoanisha mstari wa `-` na wa `+` wenye ufunguo mmoja, nachambua safu moja moja, na karani anasoma: uzito ulikuwa kilo 24,000, sasa kilo 24,600.

Kwa ripoti hii `context_lines` naiweka 0 badala ya 3 ya kawaida, kwa sababu karani hahitaji mistari jirani. Lakini tofauti hiyohiyo ukitaka kuitumia kama kiraka, yaani kubandika mabadiliko hayo kwenye nakala nyingine ya faili, rudisha 3, la sivyo `git apply` itaikataa mpaka uiongezee `--unidiff-zero`, na hapo haina mistari ya kando ya kuhakikisha kwamba inabandika mahali panapostahili.