Niliambiwa ninunue RAM, kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja wa Python

Mwenzangu wa kazini alinihakikishia: "Kaka, hiyo laptop imechoka. Weka RAM ya maana." Nilishaulizia bei ya hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, Kariakoo, laki na ushee, ila roho ikasita.

Nilikuwa na namba 400,000 za kutumiwa SMS, na faili la namba 250,000 za watu walioomba wasitumiwe tena. Skripti yangu, yaani programu fupi niliyoiandika kwa lugha ya Python, iliuliza kwa kila namba: `if namba in waliokataa`. Hiyo waliokataa ilikuwa listi, na listi hukaguliwa kama foleni, uso kwa uso tangu wa mbele. Asipokuwemo, unafika mpaka wa mwisho ndipo ujue. Zidisha: ulinganisho bilioni 100. Baada ya saa nzima niliikata.

Nikasoma kwamba dawa ni seti, aina nyingine ya mkusanyiko, maana yenyewe hukokotoa heshi ya namba (tarakimu inayoonyesha mahali pake) na kwenda moja kwa moja inapokaa, iwe na vitu kumi au laki mbili. Nikaandika `if namba in set(waliokataa)`. Ikawa mbaya zaidi! Niliweka print initaarifu kwenye skrini kila baada ya namba 1,000, nikakaa naitazama inavyojikokota. Nikalala na hasira zangu. Asubuhi, chai mkononi, nikauona: mstari ule uko ndani ya lupu, ile sehemu inayorudiwa kwa kila namba. Kwa kila namba moja, Python inajenga upya seti ya namba 250,000, inaiuliza swali moja, halafu inaitupa. Mara 400,000!

Nikaijenga mara moja tu, juu ya lupu: `seti = set(waliokataa)`. Nikabonyeza Enter, nikadhani imekatika. Kumbe imeshamaliza.

Lakini kagua majibu, tafadhali. Yangu haikumzuia mtu hata mmoja. Kila namba iliyosomwa kwenye faili ilibeba alama ya mstari mpya mwishoni, na nyingine zilianza na 07 wakati zangu zinaanza na 255. Kwa Python hizo ni namba tofauti kabisa. Listi nayo ingekosea vilevile, ila ilikuwa haifiki mwisho nikajua. `strip()`, inayofuta alama kama hizo, na kubadili mwanzo wa namba vikamaliza kazi.

Listi ya kutuma niliiacha ilivyo, kwa sababu seti haitunzi mpangilio na mteja alitaka watu wa Mbeya watangulie. Laptop ni ileile, RAM GB 4.