Semeni Kwanza

Bwana asifiwe, wapendwa. Habari za tangu Jumapili? Wiki hii tusome Luka 10:1–7.

Jumanne nilivuka feri ya Likoni. Mimi ndiye mweka hazina wa ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba, na kuna mama mmoja wa ng'ambo aliyekuwa amenyamaza. Kwenye ibada haji, simu hashiki, mchango wa harusi hakuleta. Nikajiambia ni mambo ya pesa. Mwezi mzima nilikuwa nikimwandikia, "Mchango wako bado." Maneno matatu na nukta.

Nikapiga hodi. Nikakaribishwa, nikaletewa mahamri na mbaazi za nazi, tukaulizana hali: watoto, mvua, mguu wake unaomsumbua. Tulipomaliza ndipo akaniambia, "Mwanangu, pesa ninazo. Ila wewe hujaniamkia tangu Pasaka." Akafungua pindo la leso, akanihesabia noti zilizokuwa zimefungwa humo, zimeshakunjamana kwa kungoja. Aibu niliyoiona siku ile, mahamri yalinikwama kooni.

Narudi niko ndani ya feri, nikaikumbuka Luka. Bwana anawatuma wale sabini wawili wawili, bila mfuko, bila mkoba, bila viatu. Kila kitu kawapunguzia, lakini neno la kwanza la mlangoni kawapa: nyumba yoyote mtakayoingia, semeni kwanza amani. Kwanza! Kabla hata ya kujua kama mwenye nyumba ni mtu wa amani au si mtu wa amani.

Najua kuna atakayeniwekea aya ya nne, kwamba msimwamkie mtu njiani. (Wenzangu wa haraka haraka tunaipenda sana aya hiyo.) Lakini njiani walikuwa na safari, na maamkizi ya kule, kama ya kwetu Pwani, yalikuwa hayaishi upesi. Wakishafika mlangoni, haraka imekwisha. Tena anawaambia wakae nyumba hiyo hiyo, wale na kunywa vya kwao. Kwangu hili la kula ndilo gumu. Nilikwenda kama mdai, nikakalishwa kama mgeni, na mgeni hana ubavu wa kufoka.

Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mwaka huo huo alimzika mkewe na binti yake mchanga hapa hapa. Na katika mwaka huo wa msiba akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Huwa nawaza wale wawili, Mkristo na Mwislamu, wameinamia karatasi moja wakitafuta neno moja. Mmisionari aliyekuja kufundisha ilibidi kwanza akae afundishwe kusema. Kazi kama hiyo haianzi kwa "bado".

Basi nimeyafuta yale maneno matatu kwenye simu. Daftarini yamebaki majina sita, na sitamwandikia hata mmoja wao. Kesho baada ya saa kumi naanza na mtaa wa Mtongwe. Anayeweza anisindikize, maana waliotumwa walikuwa wawili wawili, na mimi peke yangu bado sijiamini nikifika mlangoni.