Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa mahututi na programu inayobashiri

Saa 1:00 asubuhi. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi wagonjwa wawili. Hapa Massachusetts, sheria ya 2014 hairuhusu muuguzi wa mahututi kubeba zaidi ya hao. Kule Kenya nilikosomea, ningeishukuru sana sheria kama hii. Mmoja yuko kwenye ventileta, mashine ya kumsaidia kupumua. Wa pili ni mzee Mweusi mwenye nimonia, anapumua mwenyewe.

Saa 3:00. Daktari, mfamasia na sisi wauguzi tunapita kitanda kwa kitanda. Skrini inaonyesha alama ya hatari ya sepsisi, yaani mwili kujidhuru unapopambana na maambukizi, kwa kila mgonjwa. Programu imejifunza kwa rekodi za wagonjwa waliotangulia: presha, joto, mapigo, kasi ya kupumua, majibu ya maabara. Alama ya mzee iko chini.

Saa 5:20. Kifaa cha kidoleni kinasema oksijeni kwenye damu yake ni asilimia 94. Namba nzuri, ila mzee ananijibu maneno mawili mawili na misuli ya shingo inavutika kila anapovuta pumzi. Utafiti wa Michigan uliochapishwa 2020 ulichunguza vipimo ambavyo kidole kilisoma 92 hadi 96: kwa wagonjwa Weusi, katika asilimia 11.7 ya vipimo hivyo oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ilikuwa chini ya 88. Kwa Wazungu, asilimia 3.6. Yaani kifaa kilificha upungufu mara nyingi zaidi kwa Weusi. Programu inalishwa namba hiyohiyo ya kidole, na shingo haiioni. Namwomba daktari tupime damu ya ateri. Jibu: 86. Tunamwongezea oksijeni papo hapo, na binti yake anabaki amemshika mkono.

Saa 8:30 mchana. Programu inatoa tahadhari kwa mgonjwa wa jirani aliyetoka upasuaji. Safari hii imeona kabla yetu. Presha ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, na hakuna kipimo kimoja ambacho peke yake kingetushtua. Damu inapelekwa maabara, antibayotiki zinaanza mapema. Kwa kazi hii siwezi kutaka iondolewe.

Saa 11:00 jioni. Kikao na watu wa data. Wanaonyesha usahihi wa programu kwa wodi nzima, namba moja tu. Naomba waigawe: Weusi peke yao, Wazungu peke yao, na walio na kipimo cha ateri walinganishwe na kidole. Hadi hapo, nimewaambia, wagonjwa wetu Weusi wapimwe ateri mapema, hata alama ikiwa chini.