Daftari kwenye droo

Mwezi wa nne huu tunaishi kwa wakwe zangu, Shanty Town, hapa Moshi. Kodi ya nyumba kule mtaa wa Majengo ilinishinda baada ya belo mbili za mitumba kunitoka vibaya, nusu matambara. Baba mkwe hana neno. Mama mkwe ndiye kila nikishuka kwenye bodaboda getini ananiuliza, "Mkwe, leo umeuza?" Tena mbele ya dada wa kazi.

Hayo nameza. Juzi natoka sokoni Kiboriloni, natafuta chaja kwenye droo, nakuta daftari la mke wangu. Kaandika kila shilingi niliyoacha mezani, na pembeni: "Mama anauliza nyingine anapeleka wapi." Nyingine ipi jamani? Ile elfu saba ndiyo ilikuwa faida yote!

Nilipomuuliza akasema anatunza hesabu tu. Na mimi, nisijifanye malaika, usiku nikachukua simu yake nikasoma meseji za mama yake.

Leo nimeona chumba Pasua, elfu arobaini, umeme wa kuchangia. Bado sijamwambia. Nasubiri wenye nyumba walale kwanza.