Mwongozo wa sauti wa Hamburg: hatimaye handaki la Elbe limekubali

Sehemu ya handaki la zamani la Elbe, linalopita chini ya mto Elbe mjini Hamburg, Ujerumani, imekamilika. Wanaofuatilia mwongozo huu wa Kiswahili wanajua kwamba vituo vya gati za Landungsbrücken, kanisa la Mtakatifu Mikaeli na ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie vilikwisha kuhaririwa zamani, na kwamba kituo hiki kimoja ndicho kilichokuwa kikizuia njia nzima, kwa kuwa mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa kumvusha msikilizaji mto kwa miguu. Leo nina faili ninaloweza kulitoa kwa moyo mkunjufu. Nitaeleza kwa urefu jinsi lilivyopatikana, kwa sababu yeyote anayerekodi maelezo ndani ya majengo makubwa ya zamani atakutana na tatizo hili hili.

Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1911 ili wafanyakazi wa bandari waweze kuvuka kutoka St. Pauli hadi Steinwerder, kwenye viwanda vya meli, bila kutegemea vivuko ambavyo vilitatizwa na ukungu na barafu. Lina njia mbili za mviringo zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 426 na kipenyo cha mita 6 hivi, na mtu hushuka mita 24 kwa ngazi au kwa lifti kubwa zilizotengenezwa ziweze kubeba hata magari. Kuta zimefunikwa vigae vinavyong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vigae hivyo ndivyo uzuri wa mahali pale, na ndivyo vilivyonitesa.

Sauti inayotoka kinywani mahali pa wazi hutawanyika na kufifia. Ndani ya bomba la urefu ule haina pa kwenda ila mbele na nyuma, na kigae hakinywi chochote. Kila silabi hurudishwa, ikapandwa na silabi inayofuata, hadi sentensi nzima inagandamana kama maandazi yaliyojazwa kupita kiasi kwenye karai moja. Nilisoma maelezo papo hapo nikiwa na maikrofoni ya kubana kifuani, na nikarudi nyumbani na ngurumo. Nikajaribu maikrofoni inayosikiliza upande mmoja tu, ambayo kila mtu huisifu kwa mahali penye kelele, lakini mle ndani haikunifaa sana, kwa sababu mvumo wa handaki huja kutoka pande zote, ukiwemo upande ule ule wa kinywa.

Kuhusu simu, msimamo wangu ni thabiti: simu ni chombo kizuri cha kuhifadhi wazo, lakini si chombo cha kurekodia mahali penye mwangwi. Simu nyingi hujirekebishia kiwango cha sauti zenyewe, na kila unaponyamaza ili upumue, hupandisha kiwango hicho na kuuvimbisha mvumo hadi ukawa mkubwa kuliko maneno yako. Kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni mbili, ambacho mtu hupanga kiwango mwenyewe kwa mkono na kukiacha hapo, kinashinda simu ya bei mara nne yake. Programu za akili mnemba zinazoahidi kuondoa mwangwi nazo nimezipima kwa uangalifu. Zinaondoa mwangwi kweli, lakini zinaondoka pia na miisho ya vitenzi, na katika Kiswahili mwisho wa kitenzi ukiliwa, msikilizaji hajui tena nani alitenda na nani alitendewa.

Njia iliyobaki ilikuwa kusoma maelezo chumbani, chini ya mablanketi mazito, kisha kuyaweka juu ya sauti za nyayo na baiskeli zilizorekodiwa handakini. Maneno yalisikika wazi kabisa, na bado kazi ilikuwa imekufa. Shangazi mmoja wa Tanga anayeishi huku, ambaye hunisikilizia kila kituo kabla ya mtu mwingine yeyote, alivua spika za masikioni katikati ya handaki akaniambia, "Mwanangu, mimi niko huku chini, lakini wewe uko kitandani kwako." Alikuwa amelitaja tatizo lote kwa sentensi moja. Sauti ya msimulizi na mahali alipo msikilizaji vilikuwa vyumba viwili tofauti.

Suluhisho lilikuwa kuacha kupigana na mvumo na badala yake kuunasa peke yake. Nilishuka alfajiri, kwa kuwa handaki liko wazi usiku na mchana kwa waendao kwa miguu, nikaweka kinasa sauti kwenye kimo cha masikio ya mtu anayetembea, nikasimama hatua kadhaa mbele yake na kugonganisha vipande viwili vya mbao ngumu mara moja. Wengine hutumia puto, lakini mlipuko wa puto mahali penye watu si jambo la busara. Kinachotakiwa ni mshindo mfupi na mkavu, kisha kimya chako wewe mwenyewe mpaka mvumo wote uishe. Baiskeli ikipita, urudie. Faili hilo fupi ndilo alama ya handaki. Programu ya kuhariri huichukua alama hiyo na kuipitishia sauti ya chumbani, na sauti hiyo ikatoka kana kwamba ilisemwa mle mle.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, kwa sababu ukiiacha hivyo unairudisha ile ngurumo ya mwanzo. Nimeacha sauti kavu mbele kama ilivyo, na nakala yenye mvumo nimeiweka chini sana, nikaichelewesha kidogo ili konsonanti ziwahi kufika sikioni zikiwa safi, kisha nikakata mawimbi ya chini yanayoleta uzito na yale ya juu yanayofanya kila "s" na "sh" kulia kama filimbi. Jambo ninalojivunia zaidi ni kiasi kinachobadilika: ndani ya lifti sauti ni kavu kabisa, milango inapofunguka mvumo unaingia pole pole kwa hatua chache, na msikilizaji anajikuta ndani bila kuambiwa kwamba ameingia. Shangazi aliposikia toleo hili hakuvua kitu. Alitembea hadi Steinwerder, akageuka kuitazama Hamburg ng'ambo ya mto, mnara wa Mtakatifu Mikaeli upande mmoja na paa la mawimbi la Elbphilharmonie upande mwingine, ndipo akasema, "Sasa tumekuja pamoja."

Maelezo yenyewe nimeyapunguza. Yanataja wachimbaji waliofanya kazi ndani ya hewa iliyogandamizwa ili maji ya mto yasiingie, jambo lililowasababishia wengi wao maradhi na kuwaua baadhi yao. Kisha yananyamaza ili mtu atazame sanamu za kauri zilizobandikwa ukutani: samaki, kaa, na, kwa furaha yangu kubwa, panya wakiwa na buti chakavu. Simwambii msikilizaji atazame lini, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake. Namweleza umbo la sanamu, akaitafute mwenyewe.

Kituo kilichopangwa kufuata ni Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Maandishi yake yako tayari, pamoja na habari za maelfu ya wakazi waliohamishwa ili maghala yajengwe. Nimeyaweka kando kwa sasa. Nilipokuwa nikihakiki tarehe za handaki, niligundua kwamba jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg, karibu na kituo cha reli cha Dammtor, lilifunguliwa mwaka huo huo wa 1911, na mbele yake ndipo iliposimamishwa, mwaka 1922, sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani, ambayo kwanza iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1909. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha moja kwa moja mwaka 1968. Mahali ilipokuwa Dar es Salaam pana Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, ambayo karibu kila mpita njia wa Posta anaifahamu.

Miji hii miwili ina uhusiano rasmi wa kindugu tangu mwaka 2010, na siwezi kuandaa mwongozo wa Hamburg kwa Kiswahili nikaanza na maghala ya kahawa kabla ya habari hii. Pale Dammtor hakuna sanamu ya kutazama, kwa hiyo kila kitu kitategemea sikio. Nataka msikilizaji asimame mbele ya chuo na asikie makutano ya barabara ya Dar es Salaam: honi, wachuuzi, makonda wa daladala kwa mbali. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam amekubali kurekodi, na nimemwomba atumie kinasa sauti chenye manyoya ya kuzuia upepo, akipange kwa mkono, na asiguse simu.