Mzee wa Hifadhidata Aliposoma Ripoti Yetu

Mwaka 2023 nilikuwa katika timu ndogo jijini Dar es Salaam iliyotunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, ulioandikwa kwa lugha ya Go na kuhifadhi data zake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ripoti ya mikopo ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachelewa mno, na tulipowasha logi ya maulizo yanayotumwa kwenye hifadhidata tukaona sababu: ORM, yaani maktaba inayomtungia mwandishi wa programu maulizo hayo, ilileta mikopo na wadhamini wake kwa ulizo moja, kisha ikarudi kuuliza jina la mwanachama kwa kila mkopo, hata skrini ikajaa mistari ya SELECT, amri ya kusoma data, iliyotofautiana namba ya mwisho tu. Dawa ya tatizo hilo imo ndani ya ORM zenyewe. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeweza kuligundua kwa kusoma msimbo, maana SQL, lugha ya maulizo hayo, haikuandikwa popote.

Tukahamia chombo kiitwacho sqlc. Humo mtu huandika SQL yake kwenye faili, akatanguliza mstari kama «-- name: MikopoHai :many», na chombo husoma muundo wa majedwali pamoja na maulizo hayo, kisha huzalisha funksheni za Go zenye aina sahihi za data. Ukitaja safu ambayo haipo kwenye jedwali, kinagoma hapo hapo.

Msimamizi wetu wa hifadhidata, mzee aliyeijua SQL barabara lakini asiyegusa Go, hakuwahi kuikagua programu yetu. Nilimpelekea faili ya ripoti, ambayo ulizo lake tulilitoa kwenye logi na kuliongezea jina la mwanachama. Alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikasimama kwenye JOIN, neno linalounganisha majedwali.

“Kijana, mkopo usio na mdhamini unaingia wapi hapa?”

“Kila mkopo una mdhamini, Mzee.”

“Wa dharura hauna.”

Ilikuwa kweli, na INNER JOIN, ambayo huacha rekodi isiyo na mwenza upande wa pili, ilikuwa ikiitupa nje mikopo hiyo kimyakimya tangu enzi za ORM. Tuliandika LEFT JOIN, ambayo huibakiza mikopo hiyo, na kuzalisha upya. Jina la mdhamini likawa la aina inayokubali NULL, yaani thamani isiyokuwepo, na msimbo uliolitumia ukakataa kukompailiwa (kugeuzwa kuwa programu) mpaka tulipoamua kiandikwe nini pale pasipo na mdhamini. Kwangu mimi, hilo lilikuwa na thamani kuliko kasi tuliyoipata.

Ukurasa wa kutafuta wanachama tuliuacha kwenye ORM, kwa kuwa vichujio vyake ni vya hiari na sqlc hutaka SQL yenye umbo lisilobadilika. Mzee hakuridhika, akawa anatudai faili ya SQL ya ukurasa huo kila wiki.